Kimya cha Juzuu ya Sita

Siku yangu ya kwanza katika duka lile la vitabu mjini Malindi, Mwenye Duka alinitupia kitabu mkononi akaniambia nikirudishe kwa aliyetuuzia, kwa kuwa kilikuwa kimefungwa kinyume.

"Ukurasa wa kwanza uko nyuma," alisema. "Wametuona wajinga."

Kilikuwa kitabu cha picha cha Kijapani kilichotafsiriwa kwa Kitaliano. Nikakifungua. Pale ambapo mtu angetarajia mwanzo pameandikwa kwa Kitaliano kwamba msomaji asimame, anaingilia mlango wa nyuma. Nikamwambia, "Bwana, hakina kasoro. Chasomwa kutoka kulia, kama msahafu."

Alinitazama, akakitazama kitabu. "Basi kitakwenda," akasema. "Nusu ya wateja wetu walianza kusoma kwa upande huo huo."

Nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kupanga madaftari. Kufika adhuhuri nimekuwa mfasiri, kwa mshahara wa mfagiaji. Mshahara huo niliujadili baadaye, na sikushindwa.

Mtaniuliza Kitaliano nilikitoa wapi. Kabla ya hapo nilikuwa mfuaji katika hoteli moja ya ufukweni, na mfuaji wa Malindi asiyejua Kitaliano hudhulumiwa na hata madoa. Mkubwa wetu, Msimamizi wa Vyumba, alikuwa mama wa Kigiriama asiyecheka bila sababu. Alituwekea sheria juu ya vitu wanavyosahau wageni: "Saa na dhahabu zije kwangu. Vitabu chukueni, havina soko." Watoto wa Kitaliano waliokuja likizo na wazazi wao waliacha vitabu vya picha chini ya mito, vimeingia mchanga na mafuta ya kujipaka jua. Nilivisoma huku nikingoja mashuka yakauke. Msimamizi alikosea bei ya vile vitabu, lakini si kawaida yangu kumsahihisha mtu anayekosea bei kwa faida yangu.

Sasa niwaeleze kazi ilivyofanywa, maana ninyi mnasoma kwenye simu na mnadhani maneno huota yenyewe. Nakala ilikuwa moja tu. Hatukuuza, tulikodisha. Kila ukurasa una visanduku vya picha, na ndani ya kila kisanduku kuna maputo, yaani vile viduara vyeupe vinavyobeba maneno ya wahusika. Mimi nilitafsiri kwanza kwenye karatasi ya pembeni, kisha nikaandika Kiswahili kwa kalamu ya ncha nyembamba, nikakata kwa wembe kwa umbo la puto, nikabandika juu ya Kitaliano. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliochemshwa, umetiwa maji ya majani ya mwarobaini. Bila mwarobaini, mende wangekula mapenzi yote kwa wiki moja.

Kitabu kikirudi, nilihesabu kurasa mara mbili, mara moja kwa macho na mara moja kwa kidole. Ukurasa wa busu ulikuwa na miguu. Wakati mwingine ulichanwa na mama aliyekuta kitabu chini ya godoro, wakati mwingine na binti aliyeutaka uwe wake peke yake. Hukumu yangu ilikuwa moja kwa wote wawili: hupati kingine mpaka uurudishe.

Hadithi zenyewe hazikutofautiana sana. Msichana wa sekondari anampenda mvulana wa darasa lake, na mvulana anapenda kwingine au hapendi kokote. Msichana anakaa dirishani. Maua yanaanguka kila mtu akikaribia kulia. Mwisho anamwita mvulana juu ya paa la shule amwambie. Wasomaji wangu walilishangaa lile paa. Shule zetu ni mabati. Ukipanda huko kupenda, utashuka umeungua nyayo.

Neno analosema msichana pale juu lilinisumbua. Mtaliano aliandika jambo dogo, kama mtu anayesema chakula kimemkalia vizuri. Mwenye Duka akasema, "Andika 'nakupenda'. Neno moja, gundi kidogo." Nikamwambia msichana wa watu hawezi kulitoa neno zima hivyo mchana kweupe. Tukavutana, na mwisho tukakubaliana: "Moyo wangu uko kwako, ukiutaka." Lilijaza puto mpaka ukingoni.

Wateja wetu walikuwa wanafunzi, wasichana zaidi, waliotoka Muyeye, Shela na Ganda, wakaja Jumamosi na sare zao zimefuliwa. Waliketi kwenye benchi la nje kwa saa nzima na kitabu kimoja, vichwa vinne juu ya ukurasa. Miongoni mwao alikuwa Kache, binti wa mkulima wa Ganda, aliyekuwa anamaliza kidato cha nne. Alikuwa mrefu, mpole, na ndiye pekee aliyenirudishia kitabu kikiwa safi kuliko nilivyompa.

Hadithi waliyoipenda kupita zote ilikuwa ya juzuu saba, nasi tulikuwa na sita. Juzuu ya sita iliishia juu ya paa. Msichana amekwisha kusema. Unafungua ukurasa wa mwisho, unamwona mvulana amesimama, upepo umemshika shati, na puto lake ni tupu. Hakuna neno. Kitabu kimekwisha.

Benchi zima lilipiga kelele.

"Tumeibiwa!" alisema mmoja wa Shela. "Maneno yake yako wapi?"

"Hana maneno. Kanyamaza."

"Kanyamaza, basi karidhia. Si ndivyo tufanyavyo sisi? Dada yangu alipoulizwa na baba mbele ya watu, alisema nini? Alitazama mkeka tu. Na vigelegele vikapigwa."

"Ewe, yule ni biharusi!"

"Na huyu ana haya kama biharusi. Mtazame shingo yake."

Wakacheka, wakaafikiana kwamba karidhia. Kache hakucheka. Aliushika ule ukurasa kwa ncha za vidole akauliza polepole, "Kwa hivyo mtu akinyamaza, huhesabiwa amekubali?"

"Kwetu ndivyo," wakamjibu.

Mwenye Duka hakupenda puto tupu. Aliliona kama mfuko wa mchele uliopungua ratili. "Tia neno, Bi Mwanaidi. Watu wanakodi maneno."

"Nitie lipi?"

"'Nami pia.' Yatosha."

"Na juzuu ya saba ikija ikasema vingine?"

"Haitakuja."

Nilibishana naye mpaka tukafunga duka, na puto likabaki tupu. Niliona nimeshinda.

Baada ya hapo nikahamishwa. Mwenye Duka alikuwa na tawi Kilifi, chumba kimoja kilichotazama stendi, na nikapelekwa huko nikafundishe wengine ubandikaji. Mkuu wa Tawi alikuwa kijana mwenye kaulimbiu nyingi na gundi mbaya. Alikataa mwarobaini, akasema unanuka kishenzi. Kabla mvua ya masika haijakatika, mende walikuwa wametafuna kabati zima. Nikarudi Malindi.

Nilimkuta Kache amemaliza mtihani na amekonda. Alikuwa ameitwa chuo cha ualimu, mbali huko bara, mtu wa kwanza kuitwa popote nyumbani kwao. Nikampongeza. Akashukuru kwa sauti ya mtu aliyepewa pole.

"Utaripoti lini?"

"Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu. Usiporipoti siku hiyo, nafasi hupewa mwengine."

"Na mbona uso huo?"

Ndipo akaniambia habari za Athumani. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzake, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka wa hapo mjini, mwenye adabu na mwandiko mzuri. Walifanya hesabu pamoja tangu kidato cha pili. Wakati mimi niko Kilifi, Kache alimwita nyuma ya tangi la maji la shule, akamwambia neno lile lile nililolibandika mimi, bila kupunguza: moyo wangu uko kwako, ukiutaka.

"Akasemaje?"

"Aliinama akafunga kamba ya kiatu."

"Halafu?"

"Halafu kengele ikalia. Lakini hakukataa, Bi Mwanaidi. Kesho yake alinisalimia kama kawaida, tukafanya hesabu. Kanyamaza tu. Nami nikienda huko bara naye bado hajalitamka, nitakuwa nimemwacha katikati. Nangoja alitamke."

Nikavuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Kile kimya cha mkekani ni cha biharusi aliyeulizwa na walii wake, na nyumba imejaa mashahidi. Si kimya cha kila mwanamume aliyeinamia kiatu. Mimi nimebishana bei umri wangu wote. Mteja anayetaka kitambaa hukitukana, husema kimeoza, husema ghali. Akinyamaza akakirudisha mahali pake taratibu, huyo amekwisha ondoka, ni mwili tu unatafuta mlango."

"Wewe wasema habari za vitambaa," akasema.

"Nasema habari za watu."

"Na yule wa kitabuni je? Yeye naye kaondoka?"

Kitabu cha saba sikuwa nacho.

"Ikija juzuu ya saba," akasema, "nitajua."

Mtaona ni upuuzi, mtoto wa watu kuning'iniza maisha yake kwenye kitabu cha picha. Lakini hakuwa na kwingine pa kuuliza. Kumuuliza Athumani mara ya pili ilikuwa aibu, kwa mama yake ingekuwa fimbo, na mimi alikwisha niona muuza vitambaa. Kwa hiyo nilianza kuitafuta juzuu ya saba kama mtu anayetafuta dawa. Niliuliza hotelini kwangu kwa zamani, niliuliza wafuaji wa hoteli nyingine. Mwisho nikaipata kwa bibi mmoja wa Kitaliano aliyeishi karibu na Casuarina, aliyeachiwa na mjukuu wake. Alitaka vitabu vitano vya mapishi kwa hicho kimoja. Tukamalizana kwa vitatu.

Niliisoma nimesimama kando ya barabara. Mvulana alifungua kinywa kwenye ukurasa wa pili. Alisema hakuweza kumkatalia mtu mwema kiasi kile, akadhani kimya kitamuumiza kidogo kuliko neno. Kurasa zilizobaki zilikuwa za msichana akipanga viatu vyake, akipanda gari la moshi, akitazama dirishani.

Mwenye Duka nilipomsimulia alishika kichwa. "Hapana. Waozeshe."

"Wana miaka kumi na sita, Bwana."

"Wachumbie basi! Mabinti wamengoja muda wote huu, uwape gari la moshi?"

"Yuko mmoja anayengoja kujua ukweli. Siku yake ya safari iko karibu."

Alikuwa mtu wa biashara, si mtu mbaya. Mwisho akasema, "Bandika kilichoandikwa. Hasara yako na yangu." Kwa mara ya kwanza niliacha kazi nyingine zote, nikabandika hata wakati wa kula. Jumatatu ya mwisho wa mwezi ilikuwa bado siku kadhaa. Nilijua nimewahi.

Kache alikisomea pale kauntani, gundi haijakauka sawasawa. Alisoma bila haraka, kutoka kulia, mpaka dirisha la gari la moshi. Akakifunga, akakilaza mbele yangu.

"Nakwenda kumuuliza," akasema.

Duka la baba yake Athumani lilikuwa mtaa wa pili. Nilimwona akienda, na sikumaliza kupanga rafu moja kabla hajarudi. Hakuwa akilia.

"Kasemaje?"

"Kasema alidhani nimeshajua."

"Hilo tu?"

"Akasema pole. Alikuwa anapima maharagwe. Akanipa pole, akaendelea kupima."

Nikamshika mkono. Nikamwambia yale wanayosema watu wazima, kwamba afadhali amejua mapema, kwamba Jumatatu atapanda basi, atakuwa mwalimu, na huyo mpima maharagwe atamsahau kabla ya mwaka kuisha.

"Jumatatu gani?"

"Ya mwisho wa mwezi. Si ulisema?"

Alitazama chini. "Ilikuwa ya mwanzo wa mwezi, Bi Mwanaidi. Nilikudanganya ili usinifukuze niende."

"Na baba yako?"

"Yeye naye nilimwambia wamesogeza siku mbele. Kila jioni aniuliza kama sanduku nimelifunga."

Tuliandika barua kwa chuo, mimi na yeye, na Mwenye Duka akapiga simu kwa sauti yake ya heshima. Nafasi ilikwisha pewa mtu. Walimwambia ajaribu mwaka unaofuata, na mwaka uliofuata jina lake halikutoka.

Duka lilidumu miaka michache baadaye. Simu ziliingia, mabinti wakawa wanasoma hadithi zile zile wakitembea, bure, na benchi likabaki la wazee wanaopumzisha magoti. Mwenye Duka alinistaafisha kwa chai na mandazi na hotuba fupi. Chumba kile sasa kinauza makava ya simu. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi yangu kwa furaha. Naikumbuka. Niliifanya vizuri, kitabu chochote nilichobandika bado hakijabanduka. Ila nikihesabu walichokipata wasomaji wangu mule, hesabu ya kwanza na ya pili hazilingani, na sijui niamini ipi.

Athumani nakutana naye mara kwa mara. Ana duka lake, ana mke, ananiamkia shikamoo kabla sijamwona. Hana kosa ninaloweza kulishika.

Mwezi uliopita nilikwenda Ganda kununua mihogo, nikamkuta Kache ndiye anayeiuza, mtoto mgongoni. Tulisalimiana kwa muda mrefu, tukaulizana wazazi. Baba yake alikuwa amefariki. Alinichagulia mihogo akiivunja ncha kuonyesha weupe wake, na nilipokuwa nafunga kikapu akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani aliyehama:

"Yule msichana wa gari la moshi, Bi Mwanaidi. Alipofika alikokuwa akienda, alifanya nini?"

"Hawakuchora," nikamwambia. "Kitabu kiliishia dirishani."

"Najua kiliishia hapo." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Nilidhani labda ilitoka nyengine."