Nyangumi Kwanza, Mwamba Baadaye

Glenys Hartigan alikuwa hatulii. Ukienda kumtembelea utakuta ameteleka birika la chai, na kabla halijachemka mwenyewe yuko nje anaangalia barabara. Ukimfuata huko nje, ameshaingia ndani kufungua kabati ambalo hana haja nalo. Mumewe, Des, alimwita kuku anayetafuta pa kutagia. Majirani walisema uzee umemkaa vibaya. Hakuna aliyejua kwamba mama huyu alikuwa anashindana mbio na macho yake mwenyewe.

Kwao ni Nhill, mji mdogo wa ngano kando ya barabara kuu iendayo magharibi. Miaka nenda miaka rudi Glenys aliuza mikate na pai za nyama katika duka la barabara hiyo, na kila mstaafu wa Australia mwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari, alisimama pale kununua pai. Walisimama wakienda, wakasimama tena wakirudi. Wakienda walikuwa wazee. Wakirudi, Glenys aliapa, walikuwa vijana waliobabuka jua. Walimwonyesha picha juu ya kaunta huku foleni ikinung'unika nyuma yao. Ghuba Kuu, ambako nyangumi huja kuzaa chini ya majabali. Uluru, mlima unaobadilika rangi jua likizama. Kalbarri, ambako nyika nzima huchanua maua kwa muda mfupi kisha ikasahau. Yeye aliwafungia pai zao, akawapa na sosi ya nyanya, akabaki na makombo na majina ya mahali. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, alijisemea, na zamu yangu itafika.

Zamu ikafika walipostaafu wote wawili. Karavani ikanunuliwa. Ndipo Des akaanza kuitengeneza.

Hapa lazima nimseme Des, ingawa ni mtu mwema. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye maghala ya ngano, ambako hakuna mzigo unaotoka bila kupimwa na kupimwa tena, na tabia hiyo alikuja nayo nyumbani. Mwaka wa kwanza alibadilisha breki za karavani. Mwaka wa pili akaweka paneli za sola. Mwaka wa tatu akaweka springi ndefu za kuinyanyua kwa ajili ya barabara za vumbi, na juu ya paa akafunga kiyoyozi, maana joto la kaskazini halina adabu. Kazi yote aliifanya ndani ya banda la mabati alilolijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba, banda alilolipenda kiasi cha kulipiga deki. Kila baridi ilipobisha hodi, misafara ya karavani ilipita Nhill kufuata jua, Glenys akiitazama inavyopita, na kila mwaka Des aligundua kitu kimoja zaidi.

"Unakimbilia wapi, mama?" alimwuliza. "Australia haiendi popote."

"Australia haiendi," alisema Glenys. "Mimi je?"

Des akadhani anaongelea umri, akamwambia bado ni mbichi.

Jirani yao Kelvin Dunstan, ambaye wote walimwita Kel, alikuwa ameshaizunguka nchi mara mbili na hakumruhusu mtu asahau. Alikuwa akiegemea ua na bia yake, anamchokoza Des: "Wenzako wanazunguka Australia, mzee mwenzangu, wewe unazunguka karavani! Na hilo nalo ni jambo. Ushafika wapi? Tairi la nyuma?"

Kwa watu hawa safari hiyo huitwa Mzunguko, na ina heshima yake. Unatoka kwako ukielekea upande mmoja, unarudi ukitokea upande wa pili, na hukanyagi barabara moja mara mbili, isipokuwa ile ya mlangoni kwako. Anayerudi nyuma njiani ana gari bovu au ndoa mbovu. Des alikuwa ameupanga Mzunguko wao kwa kalamu nyekundu kwenye ramani iliyotandikwa mezani jikoni, ukifuata jua kama desturi: Uluru kwanza, kisha kaskazini, kisha ufukwe wa Broome, kushuka pwani ya magharibi mpaka Kalbarri wakati wa maua, Mwamba wa Wimbi, jabali lililojikunja kama wimbi la bahari, na mwisho kabisa Ghuba Kuu kwa nyangumi kabla hawajaondoka. Glenys aliutazama mstari ule kila siku akinywa chai. Kila mwezi kipande chake kingine kilikuwa kimepotea.

Nguzo za umeme ndizo zilizoanza kupinda. Kisha likaja doa, katikati kabisa ya kila alichokitazama. Akimtazama mtu usoni, uso haupo. Akitazama sikio la mtu huyo, uso unarudi kidogo kwa pembeni, kama mgeni mwenye haya. Mwishoni mwa kiangazi daktari wa macho wa Horsham, mji wa jirani, alimweleza waziwazi: kitovu cha jicho kinachakaa, la kulia limeshakwenda, la kushoto linalifuata. Giza totoro halitaingia, kingo zitabaki. Lakini nyuso, maandishi, ndege aliye mtini, hivyo vyote vitakwenda.

"Lini?" aliuliza Glenys.

"Sitaki nikudanganye. Labda mwaka, labda usifike. Kama kuna kitu unatamani kukiona, usikiahirishe."

Sisi husema macho hayana pazia. Ya Glenys yalikuwa nalo, nalo lilikuwa linashuka, naye hakumwambia mumewe. Alimjua. Des angeifunika karavani turubai siku hiyo hiyo, akamweka karibu na daktari kama yai, wakae hapo mpaka kiama. Kwa hiyo akasema amepewa matone tu. Akaacha kuendesha gari kwa kisingizio cha bega. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, kuondoka baridi hii hii, hata kama karavani inavuja, hata kama watalala njaa njiani. Na sababu ya kukitaka ndiyo aliyoshindwa kuitamka. Aliamka nayo, akafagia nayo, akala nayo bila kusikia ladha ya chakula.

Alisumbua, akanuna, akapakia sufuria kwenye karavani bila kuulizwa, mpaka Des akakubali: wataondoka kesho yake baada ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme, ile ya Juni. Siku ya sikukuu yenyewe, mchana, wakaamua kuitoa karavani bandani waijaze maji.

Sasa, kila mwenye karavani ana mke wa kumpungia mikono, na ndoa nyingi zaidi za Australia zimetikisika hapo kuliko kwenye ugoni. Des akaingia garini. Glenys akasimama nje, akilitazama banda, mikono juu. Kushoto aliona nafasi. Kulia aliona nafasi. Katikati palikuwa na ukungu wake, na ndani ya ukungu huo kulikuwa na paa la karavani na chuma cha linta juu ya mlango. Lakini aliiona karavani hiyo ikiingia humo kwa macho yake yalipokuwa mazima. Iliingia, itakuwaje isitoke?

"Njoo!" akaita. "Njoo, njoo, nafasi tele! Ongeza mafuta, Des, unaogopa nini?"

"Simama!" Kel akapiga kelele kutoka uani, bia ikimmwagikia. "We mama, simamisha!"

Karavani iliyoingia ikiwa fupi na kichwa wazi ilikuwa inatoka imenyanyuliwa springi na kuvishwa kiyoyozi. Kikagonga linta. Banda zima likalia, mabati yakatetemeka mpaka nyuma, njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la Kel.

Des akashuka. Akaangalia juu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ameijenga meli ndani ya chupa," alisema Kel, akicheka mpaka akashika mbavu. "Des Hartigan! Mtu wa kupima! Ulipima kila kitu ila mlango!"

"Kiyoyozi kimebonyea," alisema Des. "Na fundi wa kukitazama hapatikani karibuni. Itabidi..." Akapangusa mikono. "Basi tuseme mwaka ujao, mama. Mwaka ujao tutakwenda vizuri."

Ilikuwa ni ile sauti yake. Glenys aliisikia vizuri, maana masikio yalikuwa yanafanya kazi ya watu wawili siku hizi. Des hakusikitika. Alipata nafuu, kama mtu aliyeambiwa mgeni hatakuja. Hasira ikampanda Glenys kutoka miguuni.

"Una furaha," alisema.

"Furaha gani, Glen? Si wewe uliyesema nafasi ipo? Hukuona linta?"

"Sikuona."

"Linta lote hilo?"

"Sikuliona, Des! Sioni! Hata wewe hapo ulipo una mabega na kofia, katikati hakuna mtu. Daktari alinieleza. Mwaka ujao unaousema wewe, mimi sina. Nitakwenda huko kuangalia nini, doa?"

Kel, ambaye hajawahi kuondoka kwenye ugomvi wa watu kabla haujaisha, alikumbuka ana kazi ndani kwake.

Des hakushtuka. Alikaa polepole kwenye chuma cha kufungia karavani.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Wiki iliyopita ulilisalimia pipa la taka, Glen. Ukaliuliza hali ya mguu wake."

"Nilidhani ni Coral, yule jirani wa mguu mbovu."

"Niliona. Na hilo bega. Tangu lini una bega? Chai unamimina pembeni ya kikombe tangu Pasaka, mimi nafuta meza ukigeuka."

"Na hukusema!"

"Wewe ulisema?"

Glenys alizidi kuudhika. "Kama ulijua, kwa nini umekuwa ukituchelewesha? Ungekuwa mtu mwenye huruma tungekuwa tumeshaondoka!"

Des aliinamisha kichwa. "Niliogopa. Tukienda, tukaona yote, tukarudi, itakuwa basi. Itakuwa hiyo ndiyo safari ya kuaga. Nikajidanganya kwamba tusipoondoka, haitaanza kuisha."

"Inaisha hapa hapa, mume wangu. Tofauti ni kwamba mimi naimalizia kwenye ukuta wa jikoni."

Des aliinuka, akaingia bandani, akatoka na ngazi na grinda yake ya kukatia chuma. Akapanda, akalipapasa lile linta alilolichomelea mwenyewe, akaiwasha grinda, akaanza kulikata. Cheche zikaruka uani. Kel alirudi na ngazi ya pili na grinda yake, akaanza upande wa pili. Hakusema neno, na Kel kukaa kimya ni zaidi ya mtu mwingine kulia. Chuma kilipoanguka, mabati ya mbele yakalegea yakainama kama mtu anayesalimia. Karavani ikatoka juani. Kiyoyozi kilikuwa kimekunjamana upande mmoja, lakini kiliunguruma walipokijaribu.

Des akaitandika ramani kwenye boneti ya gari, akachukua kalamu. "Haya. Tunaanzia wapi?"

Glenys alishalifikiria hilo usiku mwingi. "Vya kuonwa kwanza. Vya kusikia na kushika vitangoja."

"Nyangumi?"

"Wanaonekana. Hao kwanza."

"Glen, nyangumi wako mwisho wa Mzunguko."

"Kwanza, nimesema."

"Uluru?"

"Rangi. Wa pili."

Des akapima kwa kidole. "Maana yake tukitoka Ghuba Kuu tunarudi nyuma. Barabara ile ile." Alisema kama anayekiri wizi.

"Turudi."

"Mama wee," alisema Kel. "Tafadhalini, mkiulizwa msiseme mnatoka Nhill."

"Mwamba wa Wimbi?"

"Unapapasika. Weka mwisho. Na Broome pia. Bahari ina sauti na chumvi yake, haihitaji macho."

"Maua ya Kalbarri?" Des alisita. "Hayo hayaji kwa amri yako, Glen. Ni mpaka Septemba."

Hapo ndipo palipomuuma Glenys, maana hakujua Septemba atakuwa amebaki na nini. "Tutayakimbilia," alisema. "Nisipoyawahi, utanitajia rangi zake."

"Mimi? Mimi najua rangi tatu."

"Utafundishwa njiani."

Ramani sasa ilikuwa imechafuka mistari inayokatana, aibu tupu kwa mtu wa mpango. Des aliikunja bila kuinyoosha. Kisha akacheka kidogo, bila kumtazama mkewe. "Na mimi je? Katika hivyo vya kuonwa na vya kushikwa, umeniweka wapi?"

"Wewe anakujua kwa kukoroma," alisema Kel.

Des alikusudia utani, na Glenys alijua ni utani, lakini haukumchekesha. Alimshika mkono, akamtoa kwenye kivuli cha karavani mpaka pale jua la mchana wa baridi lilipoangukia.

"Vua kofia."

"Glen, tunataka kujaza maji. Tukiwahi tunaweza hata kuondoka leo."

"Vua kofia, nimekwambia."

Akaivua. Glenys akageuza uso wake mwenyewe kidogo kuelekea ua, na taratibu, kwa pembeni, mumewe akaja: pua iliyobabuka, nyusi zilizochakaa, vumbi la chuma kwenye ndevu, kovu la kidevuni ambalo hakuwahi kumwuliza alilipatia wapi. Kel akaenda kufungua bomba la maji. Des akahamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule. Shingo ilianza kumuuma, na jua lilikuwa linashuka.

"Twende basi," alisema kwa upole.

"Bado," alisema Glenys. "Sijamaliza."