Koti la Mtu Aliyevuka Maji

Mimi ni mtu wa kubisha. Marehemu mama alikuwa akisema nilianza kubisha kabla sijaota meno, na walionijua Darajani hawatakataa. Ukiniambia leo Jumatatu nitakuuliza nani kasema. Kwa hiyo yule rafiki yangu Mkenya aliponiwekea simu mbele ya sahani ya wali akasema, "Mzae, cheki hii. Hawa wasee walihepa jela ya kisiwani na mpaka wa leo hawajawahi patikana," nilijua mchana umeshapata kazi.

Tulikuwa kwenye mkahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, katika mji huu wa Kichina, tunakokula sisi wa Afrika Mashariki tukichoka na tambi zao. Yeye ni mwanafunzi wa uhandisi aliyekuja kwa ufadhili, kijana mwenye adabu zake mpaka aanze kubishana. Mimi nanunua vitambaa soko la Zhongda na kuvisafirisha Unguja na Dar: bitana, mapazia, na kile kitambaa chepesi cha makoti ya mvua. Ananiita mzae ingawa sijafika hamsini, na mimi namwita mtoto ingawa ana ndevu kunishinda.

Video ilikuwa ya jela moja ya zamani ya Marekani, juu ya kisiwa kilichozungukwa na maji baridi kama ya friji. Wafungwa watatu walichimba ukuta kidogo kidogo mpaka wakapata njia. Vitandani waliacha vichwa vya bandia, walivyovifinyanga kwa karatasi na sabuni na kuvipandika nywele za kweli zilizookotwa kwa kinyozi wa jela. Mlinzi alipita usiku kucha akiona watu wamelala. Asubuhi akagusa kichwa, kikaanguka chini. Hapo nilishtuka mpaka nikarudisha video nyuma nikitazame tena. Sura ile ya udongo udongo, ina nyusi, ina nywele, imefumba macho! Watu wenyewe walikuwa wameshaingia baharini juu ya boya la makoti ya mvua yaliyounganishwa. Hawakuonekana tena, wala hai wala maiti.

"Walitoboa, hao," Mkenya akasema.

"Walitoboa ukuta," nikamwambia. "Maji hawakuyatoboa. Maji hayatobolewi."

"Sasa body ziko wapi?"

"Muulize papa."

"Huna evidence, mzae."

"Ushahidi ni kitambaa. Hii ni biashara yangu, mtoto. Koti la mvua limetengenezwa kuzuia maji ya juu, si kukaliwa juu ya maji. Kitambaa chenyewe kinaweza kuvumilia. Unaofunguka ni mshono."

Tukabishana mpaka chai ikapoa na watu wa meza nyingine wakaanza kutuangalia. Nilitoka pale nimeridhika, maana yeye ndiye aliyenyamaza wa kwanza, na kwetu hiyo ndiyo hukumu.

Naishi Haizhu, kwenye vichochoro vya nyuma ya Zhongda, ambako nyumba zimebanana kiasi cha jirani kukupa chumvi dirishani bila kunyoosha mkono sana. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na kitu, mkavu, mwepesi, anayeishi chini na kushona pale pale mlangoni: zipu, mapindo ya mapazia, suruali za wapakizi. Namwita Ayi kama wanavyomwita wote mtaani, ndiyo shangazi. Miaka ya mwanzo tuligombana kwa sababu ya dagaa wangu. Aliwatupa nje mara mbili akidhani wameoza. Baadaye akazoea, au pua ilikufa, sijui. Kichina chake kina lafudhi ya Kikantoni, changu kina lafudhi ya sokoni, na palipotushinda tuliiachia simu itafsiri.

Siku ile nilimpelekea kipande cha kitambaa cha koti la mvua aniunganishie, nipate kuujaribu mshono kwa ndoo ya maji kabla sijamlipa bosi wa dukani. Aliniona nacheka peke yangu, akauliza kuna nini. Nikamsimulia. Nilisimulia vizuri, nasema kweli. Nilisimama, nikalala ukutani kuonyesha mfungwa aliyelala, nikapiga mbizi hewani. Neno la jela na neno la kisiwa yalisemwa na simu. Mwisho nikafuta mikono kama mtu aliyemaliza kula.

"Si le," nikamwambia. Wamekufa. "Wote watatu."

Ayi aliacha kukanyaga cherehani.

"Maiti zao ziliokotwa?"

"Mei you." Hakuna.

"Sasa wewe umejuaje?"

Nikamweleza habari ya mshono, kwa fahari ile ile ya mkahawani. Akanisikiliza huku kaushika mkono wa cherehani.

"Mshono wa mkono au wa mashine?" akauliza.

Lilikuwa swali la mtu wa kazi, na mimi nikalijibu kama mtu wa biashara. Wa mkono ndio kabisa, nikamwambia, maji yakipiga kidogo tu unaachia. Akasema kitu kwa Kikantoni, si kwangu, kwa kile kitambaa. Nikamsogezea simu arudie. Sauti ile ya mwanamke wa kwenye simu, isiyo na haya wala huruma, ikatafsiri: "Kichwa kilikuwa mimi."

Nilidhani simu imekosea, kwa sababu hukosea. Iliwahi kuniambia kitambaa changu kina mimba. Nikamwomba aseme tena. Ikatoka vile vile. Ayi akainuka, akafunga mlango wa chuma mchana kweupe, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya, akaketi na kuniambia polepole, kwa Kichina chepesi kama anayemlisha mtoto uji.

Alipokuwa msichana wa shule, vijana wa mji huu walikuwa wakitoroka kwa kuogelea kwenda Hong Kong, ambako serikali ya hapa haikuwa na amri. Hawakuaga. Walijizoeza hapa hapa kwenye mto huu ninaouvuka kila siku kwa treni ya chini, wakidai wanaoga tu kwa ajili ya joto, kisha wakatembea kwa siku nyingi milimani hadi pwani, wakaingia maji usiku. Walikuwa na msemo wao wa kufichia: fulani kasukuma askari. Katika sataranji ya Kichina askari akishavuka mto harudi nyuma, sheria ya mchezo ndiyo hiyo. Kaka yake, wa pekee, alikuwa amepelekwa shamba mbali na mji kama vijana wengi wa wakati ule, akarudi nyumbani kwa ruhusa ya ugonjwa. Hakuwa mgonjwa. Mama wa kamati ya mtaa alikuwa akija usiku kumulika tochi kwenye chandarua, ahakikishe yuko.

Basi kaka alipoondoka, Ayi alikata mikia yake miwili ya nywele. Akalala kwenye kitanda cha kaka yake, uso ukutani, akikohoa kama alivyofundishwa. Kitandani kwake akakunja blanketi, na msichana wa shule hakuna aliyemtafuta. Mama yao alijua na hakusema neno. Tochi ilikuja, ikakaa kisogoni, ikaondoka. Ilikuja tena. Ilipokuja kumgeuza, kaka alikuwa ameshapata siku za kutosha.

"Alikuwa na nini cha kumfanya aelee?" nikauliza. Nakumbuka nilivyouliza, sauti ikiwa imeshuka yenyewe.

Vibofu vya ndani vya mipira, vinne, akasema. Vilitiwa ndani ya mfuko wa kufunga kifuani.

"Mfuko nilishona mimi," akasema. "Kwa mkono. Mashine ingesikika kwa jirani."

Damu ilinipanda usoni mpaka masikioni nikasikia joto lake. Nilitaka kusema nimekosea, kwamba mshono wa mkono ukipakwa nta hushinda wa mashine, na kweli ndivyo, lakini niliona aibu kumletea nta baada ya nusu karne. Nikabaki namtazama mikono. Ilikuwa imetulia juu ya kitambaa changu.

Barua haikuja. Za wengine zilikuja, baadaye wakaja wenyewe wamevaa saa na suti, wakawanunulia wazazi wao televisheni. Kwa kaka yake hapakuja kitu. Wala hakuna aliyesema kaona maiti yake.

Na kilichomtesa Ayi hasa hakikuwa kile nilichodhani. Kwao aliyekufa hulishwa. Huwekewa chakula, huchomewa ubani, huchomewa nguo na pesa za karatasi zimfikie huko aliko. Asiyetunzwa hivyo huzurura na njaa. Lakini ukimchomea mtu aliye hai unamwitia kifo. Kwa miaka yote hiyo, kila siku ya kuzuru makaburi, dada huyu amekaa kati ya hayo mawili: asipochoma, huenda anamshindisha ndugu yake njaa, akichoma, huenda anamuua. Picha ya mama iko ukutani na ubani wake. Ya kaka iko ndani ya sanduku la nyuzi. Mwezi wa saba wa kalenda yao, watu wanapochoma nguo za karatasi kando ya barabara kwa ajili ya mizimu isiyo na wenyewe, yeye huchoma nyingi kuliko wote mtaani bila kutaja jina. Hutumaini kwamba kama kaka yumo miongoni mwao atajipatia moja.

Nikamwambia kwetu lipo jambo kama hilo. Mume akipotea, mke huenda kwa kadhi, kadhi huhesabu miaka, kisha humhukumu kuwa amekufa, mke akakaa eda na maisha yakaendelea. Simu ilihangaika na neno kadhi. Mwishowe akaelewa.

"Na dada?" akauliza. "Dada huenda kwa nani?"

Nilipanda chumbani na kitambaa changu bila kukumbuka habari ya ndoo.

Siku zilizofuata sikuweza hata kula vizuri. Nilimtafuta Mkenya nikamwomba, mimi nimwombe yeye, anipe hoja zake zote za kwamba wale watatu walifika. Alinitazama kama aliyeona paka akiomba radhi kwa panya. "Kwani umeguzwa na nini, mzae?" Nikamwambia nyamaza unieleze. Akaeleza: mkondo wa maji ungeweza kuwasukuma upande mzuri, boya lilikuwa kazi ya watu wenye akili, ndugu zao wanaapa wako hai. Nikazikariri kama mtoto wa chuoni anayekariri juzuu.

Nikashuka kwa Ayi jioni moja, nikamkuta anakula. Nikamwaga hoja zote. Nilisema labda walifika. Nilisema maji huchukua na maji hufikisha. Nilisema mshono wa mkono ukipakwa nta hauingizi hata ukungu, na safari hii nilisema bila aibu.

"Nilipaka nta," akasema.

"Basi labda alifika, Ayi."

Akatabasamu kidogo. Akanimiminia chai, akaniambia niketi. Kisha akaniuliza kama nina kitambaa kizito cha koti, cha baridi, si cha mvua. Ilikuwa kiangazi, jasho linatutoka hata tukikaa kimya. Nikamwuliza cha nani.

"Aliondoka na kaptula," akasema.

Nilielewa. Kumbe alikuwa ameshaamua kumchomea! Nikaanza kubisha, ndiyo tabia: nikasema angoje, nikasema mimi si kadhi, yale ya kwamba wamekufa nilisema ovyo tu mbele ya cherehani, neno langu lisimuue mtu. Aliniacha nimalize. Halafu akanijibu, na hakutaka simu itafsiri. Alisema kwa maneno ya sokoni ili nisikosee.

"Akiwa hai, ana watoto, wanampikia. Akiwa amekufa, ana mimi tu."

Kesho yake nilimletea sufu ya kijivu, ile niliyokuwa nimeihifadhi kwa mteja wa Arusha. Hakuuliza bei na mimi sikutaja. Aliitandaza mezani, akaipapasa, akachukua chaki. Kisha akavuta futi shingoni na kuniambia nisimame nimpe mgongo.

"Alikuwa na mabega kama yako," akasema.

Astaghfirullah, nilisema moyoni. Mimi, Mwislamu, mtu wa watu, mzima wa afya, nipimwe koti la maiti litakalotiwa moto! Mguu wa kulia uliondoka wenyewe kuelekea mlangoni. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshafika begani, vyepesi, na nikasikia akipumua nyuma yangu kama mtu aliyebeba mzigo ngazi nyingi. Mguu ukarudi.

Akapima bega kwa bega. Akapima mkono. Alipofika kiunoni akasita.

"Alikuwa na miaka ishirini na moja," akasema. "Mwembamba. Sasa angekuwa mzee kunipita mimi." Futi ikalegea. "Huko, wanazeeka?"

Sijui, Ayi, nilitaka kusema. Badala yake nilimwambia kile ambacho mama zetu wote huwaambia mafundi wakitushonesha nguo za Idi.

"Likate kubwa. Likizidi, atakunja mikono."

Akaandika kipimo kwa chaki, akaongeza upana wa vidole viwili kila upande, akaanza kukata.