Viatu vya tata langoni

Siku hiyo langoni mwa mgodi tulikuwa mlinzi, tata mmoja, mzee fundi mwenye magoti mabovu mbele ya mstari wa wenzake, na mimi na beseni langu la mikate, mtoto mgongoni. Mfanyakazi mweusi akitoka huvuliwa viatu, asije akaiba shaba.

Mlinzi alipiga magoti, akamvua tata viatu, akamvisha tena na kumfunga kamba.

"Unisamehe, tata."

"Hapana neno, mutoto yangu." Gari la wahandisi wazungu likapita bila kusimama. "Na bale?" akauliza tata, akiwaonyesha wale wa garini.

"Bale habana biatu, tata."

Tulicheka. Nyuma ya gari lile malori yaliyojaa shaba yakatoka, nayo shaba inatafutwa kwenye soksi zetu.

Jumatatu mlinzi yule aliondolewa kwa kuchelewesha mstari. Huyu mpya hapigi magoti.