Bodigadi Ameenda na Kisu Changu cha Mutura

Leo nimekasirika kabisa!

Mheshimiwa amekuja hapa Kambi Muru kutuelezea mswada wa kuzuia raia kuwa na bunduki za kivita ama kuuziana. Mimi nauunga mkono kabisa. Tumezika watu wengi waliouawa kwa risasi.

Lakini kabla aanze, bodigadi wake akaninyang'anya kisu cha kukatia mutura, ile soseji ya matumbo ninayouza hapa. Eti ni silaha!

Nikaendelea kuchoma mutura.

Mkutano ukaisha. Huyo huyo bodigadi akakuja kwa meza yangu, akalaza bunduki yake kando ya mutura. "Mathe, nikatie kipande kubwa, weka kachumbari."

"Nikate na nini? Na hiyo bunduki yako?"

Akacheka, akaibeba, wakaenda. Na kisu changu pia!

Sasa niambieni, nani alifaa kunyang'anywa?