Viraka kwenye Daftari la Alama

Wanafunzi walimwita Desimali. Hawakumwita hivyo mbele yake, lakini jina la utani halina miguu na bado hufika, naye alikuwa amelisikia tangu mwaka wake wa pili katika shule ile. Mwanafunzi aliyepata tisa na nusu, akiomba ahesabiwe kumi, alijibiwa, "Hiyo nusu nyingine iko wapi? Kaitafute, ukiipata uniletee." Miaka kumi na tisa ya kufundisha hesabu haikumpunguzia ukali huo. Ilimpunguzia mengine: magoti, usingizi, na ile sauti iliyokuwa ikifika dawati la nyuma bila kukohoa.

Shule yenyewe ilikuwa ya serikali, katikati ya mji, ukuta wake wa nyuma umepakana na gereji za malori. Haikuchagua watoto. Wazazi wao walikuwa mafundi, wapishi wa mahoteli, wafagiaji, walinzi, watu wa kufuata kazi inakokwenda. Kazi ikihama, nao walihama. Kwa hiyo haukupita mwezi bila kiti kimoja kubaki kitupu na mtoto mwingine kusimama mlangoni, ameshika barua ya shule aliyotoka, shati lake bado ni la rangi ya huko. Darasa moja la kidato cha nne lilikuwa na lugha saba za nyumbani. Mwalimu alizihesabu siku moja kwa kusikiliza tu watoto walivyokuwa wakitukanana.

Daftari la alama, hata hivyo, lilikuwa limetengenezwa kwa watu wasiohama. Kila Januari karani alichapa majina ya kila darasa, juu ya ukurasa akaweka idadi, na chini kabisa mstari wa jumla. Mtoto aliyefika baada ya hapo hakuwa na nafasi. Jina lake liliandikwa kwa mkono kwenye ukanda wa karatasi, ukabandikwa kwa gundi chini ya ukurasa, na mwingine ukibandikwa chini yake, mpaka ukurasa ukaota mkia. Walimu waliwaita watoto hao viraka, na wenyewe wakalipokea neno bila kinyongo. "Mimi ni kiraka wa Machi," mmoja angesema, "yule ni wa Juni, hajui kitu."

Mwaka ule mwalimu alikuwa akisubiri jambo moja tu, nalo lilikuwa barua ya uhamisho. Mama yake alikuwa amepoteza macho, kwanza moja, halafu la pili, na aliishi kwa binti yake mdogo katika mji walikozaliwa, safari ya siku nzima. Shule ya huko ilihitaji mwalimu wa hesabu. Mdogo wake alikuwa amempigia simu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nimechoka. Sisemi kwa ubaya. Nimechoka tu." Mkuu wa shule alikuwa ameahidi kumruhusu aondoke mara matokeo ya muhula yatakapopelekwa ofisi ya elimu, na yalitakiwa kufika huko Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Siku ya Alhamisi alikuwa akisahihisha kazi ya nyumbani ya kidato cha nne. Aliwaambia wachukue alama za hesabu za darasa lao, zilizobandikwa ubaoni, watafute wastani na waonyeshe njia. Wastani alikwisha kuuandika mwenyewe pale chini ya karatasi: hamsini na mbili. Karibu wote waliandika hamsini na mbili, wengine bila njia yoyote, kama walioota. Binti mmoja peke yake aliandika arobaini na moja nukta sita. Mwalimu akamwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu, akaendelea na daftari lililofuata.

Baada ya chakula cha mchana yule binti akaja mlangoni pa chumba cha walimu. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, kiraka wa Februari.

"Samahani, mwalimu. Umenikosesha."

"Umekosa mwenyewe. Wenzako wote wamepata."

"Wenzangu wamenakili ubaoni."

"Angalau wamenakili jibu sahihi."

Binti hakuondoka. "Nimejumlisha mara tatu. Jumla yangu ni elfu mbili mia mbili themanini na nane, sawasawa na yako. Nikagawanya kwa hamsini na tano."

"Kwa nini hamsini na tano?"

Binti alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si ndivyo tulivyo darasani, mwalimu? Au sisi wa chini hatugawanywi?"

Mwalimu alilifungua daftari kubwa. Juu ya ukurasa ilikuwa imechapwa: Idadi, 44. Chini yake majina arobaini na manne, halafu mkia wa viraka kumi na mmoja. Alikuwa amejumlisha alama za wote mpaka ncha ya mkia, kisha macho yake yakapanda juu kuchukua idadi, kama yalivyozoea, akagawanya kwa arobaini na nne. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamechanga alama zao na kusahauliwa kwenye mgao.

"Niachie daftari lako," akasema. "Nenda darasani."

Alipobaki peke yake alitoa kabatini madaftari ya miaka iliyopita. Zamani viraka walikuwa wawili au watatu kwa darasa, na kosa lilijificha nyuma ya nukta. Miaka mitatu hii waliongezeka, na kadiri walivyoongezeka wastani wa shule ulipanda. Alirudia hesabu za madarasa yote ya muhula ule, maana wastani wa shule nzima ulikuwa kazi yake. Shule iliyokuwa tayari kuandikiwa hamsini na moja ilipata arobaini na mbili.

Na hapo ndipo kosa lilipoacha kuwa la hesabu tu. Ofisi ya elimu ilikuwa na mstari wake: shule iliyo chini ya arobaini na tano hupelekewa walimu wa ziada kwa miaka miwili, wakae na wanafunzi wanaoshindwa mmoja mmoja. Shule yao ilikuwa mgonjwa aliyepimwa kwa kipimajoto kibovu, akaambiwa yu mzima, akarudishwa nyumbani. Tena akapongezwa.

Mwalimu wa jiografia, kijana mcheshi aliyekaa meza ya pili, alimwona ameshika kichwa.

"Vipi, dada? Mtu kafa?"

Akamweleza. Kijana alipiga mluzi mdogo. "Kumbe mganga hajigangi. Sasa sikiliza. Fomu inaondoka kesho, na wewe unaondoka. Atakayekuja atagundua."

"Na asipogundua?"

"Basi hakuna kosa." Akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Dada, wewe una mama kipofu. Nani atakulaumu?"

Mwalimu akayafunga madaftari. Alikuwa anafikiri kwamba hakuna ambaye angemlaumu, na kwamba jambo hilo halikumpumzisha hata kidogo.

Ijumaa saa mbili asubuhi aliingia kwa mkuu wa shule akiwa na fomu mbili. Mkuu alikuwa mtu mzima mwenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Alizisoma zote, akazilaza mezani sambamba.

"Kuna mzazi amelalamika?"

"Hapana, Mkuu. Hesabu ndiyo iliyolalamika."

"Mwalimu, tulikuwa shule ya tatu katika mji huu. Nilipokuja tulikuwa ya ngapi?"

"Ya ishirini na sita."

"Kwa hiyo hatukupanda."

"Tulipanda kidogo. Kama nafasi nne hivi."

Mkuu alicheka bila furaha. "Nne. Miaka mitatu nimesimama kwenye mikutano nikiwafundisha wenzangu namna ya kupanda." Alivuta droo, akatoa bahasha, akaifungua. Ilikuwa barua ya uhamisho. Sahihi yake ilikuwepo, muhuri bado. "Nilitaka kuupiga leo. Sasa niambie wewe mwenyewe. Nikipeleka fomu hii ya kweli, watakuja kuuliza ilikuwaje. Nitawaambia aliyefanya hesabu amehama siku hiyo hiyo? Watasema nimekuficha. Au nimekufukuza."

"Naelewa."

"Na hao walimu wa ziada wakija, nani atawaonyesha nani anashindwa wapi? Karani?" Akaisogeza barua kando ya muhuri. "Sikukomoi, mama. Chagua. Ukichukua ile ya hamsini na moja, muhuri huu hapa, na mimi sijaona kitu."

Nje kengele ililia na ngazi zikajaa miguu. Mwalimu alisikiliza ile ngurumo mpaka ikaisha. Alitaka kwenda kwao. Alikuwa ametaka kwa muda mrefu hivi kwamba matakwa yenyewe yalikuwa yamechakaa kama soli, na bado aliyakanyaga kila asubuhi. Akaisogeza fomu ya arobaini na mbili mbele ya mkuu.

Mkuu aliipigia muhuri. Barua akairudisha kwenye droo. "Miaka miwili," akasema, na sauti yake haikuwa ya adhabu. Ilikuwa ya mtu anayemhesabia mwenzake safari.

Kipindi cha nne aliwarudishia kidato cha nne madaftari yao. Wote waliopata vema walikuta kosa, na kelele zikawa kubwa. Yule binti alikuta kosa lake limekatwa na vema imewekwa juu yake.

"Nilikosea mimi," mwalimu akawaambia. "Nilihesabu watu arobaini na nne. Mko hamsini na tano."

Sauti ikatoka nyuma, "Desimali kakosa!" na darasa zima likaangua kicheko, halafu likanyamaza kwa hofu. Mwalimu aliiacha ipite.

"Kwa hiyo sisi ni wajinga kuliko tulivyofikiri?" binti wa fundi cherehani akauliza.

"Ninyi ni wengi kuliko tulivyofikiri. Fungueni ukurasa wa sitini."

Mchana alimpigia simu mdogo wake, akamweleza kwa maneno machache, maana mengi yangeonekana kama kujitetea.

"Miaka miwili mingine, Dada?"

"Miwili."

"Mimi siwezi. Shule zikifungwa nitamleta mama kwako."

"Mlete."

"Unaishi ghorofa ya tatu."

"Najua ninapoishi, mdogo wangu. Mlete."

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Aliweka mkoba wake chini ya ngazi, akafumba macho, akaanza kupanda. Mkono mmoja alishika chuma cha ngazi, mguu ukatangulia kupapasa kabla ya kukanyaga. Ghorofa ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili pia. Kuanzia hapo chuma kikakatika ghafla na mkono wake ukashika hewa. Alikuwa ameishi pale miaka kumi na moja, akipita kila siku, na hakuwa na habari kwamba kilikuwa kimeng'olewa.

"Umeme umekatika, mwalimu?" Ilikuwa sauti ya jirani, mama wa ghorofa ya pili, ametoka na ndoo ya kudekia.

"Umeme wa nini mchana huu?"

"Basi mbona unapapasa?"

Alifumbua macho. "Mama anakuja kukaa nami. Haoni."

Jirani alitua ndoo. Alitazama mahali palipokuwa na chuma, akatazama ngazi zilizobaki, akajifuta mikono kwenye kanga. "Hapa atahitaji kamba," akasema. "Ila ukutani hakuna pa kuifunga."

Mwalimu aliketi kwenye kidato cha ngazi, taratibu, kwa sababu ya magoti. "Hakuna," akakubali.

Wakabaki wote wawili wakiutazama ukuta, wakitafuta pa kupigilia msumari.