Bahasha Isiyo na Alama

Mtaani kwetu bado wapo wanaosema binti yangu alipoteza njia yake ya mabasi kwa uzembe wa kondakta. Wanasema saluni, wanasema dukani, na mimi nimesimama palepale na mfuko wangu wa unga. Kwa wiki sita niliwaacha waseme. Sasa naandika ilivyokuwa.

Binti yangu ni mzaliwa wangu wa kwanza. Abiria walimwita Dakika, na jina likamganda hadi nyumbani. Baba yake alipofariki aliacha mabasi mawili, naye Dakika alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anasomea ualimu. Hakurudi chuoni. Alichukua leseni ya basi, akakalia kiti cha baba yake, na wiki ya kwanza tu akabandika ratiba mlangoni: la kwanza saa kumi na mbili na robo, la pili saa kumi na mbili na nusu, hivyohivyo hadi jioni. Watu walicheka. Siku hizo gari liliondoka likijaa, na lisipojaa mlikaa mkihesabu nzi. Yeye aliondoka saa ilipofika, hata akiwa na abiria wanne.

Mimi mwenyewe aliwahi kuniacha. Nilikuwa nakimbia na kikapu, napunga mkono, na nikaona kabisa kwenye kioo kwamba ameniona. Akaondoka. Jioni nikamuuliza kama hana haya.

"Mama, mle ndani walikuwa watu kumi na tisa," alisema. "Na wao wana mama zao."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilifika kituoni mapema.

Mabasi yetu yalikuwa ya rangi ya maziwa, na ubavuni kulikuwa na ndege. Marehemu mume wangu alimwagiza mchoraji amchore tai. Mchoraji alikuwa hodari wa herufi, ndege hakuwajua vizuri. Tai alitoka na tumbo nene na miguu mifupi, na tangu siku ya kwanza watu wakamwita Kuku. "Kuku ameshapita?" "Nitapanda Kuku wa saa moja." Mume wangu alikasirika mwezi mzima, halafu akakubali, akachapisha hata stika za huyo kuku wake, boksi zima, akawa anawapa watoto wa abiria. Alipofariki boksi lilibaki kabatini kwangu. Sikuwa nagawa ovyo.

Kondakta wetu tulimwita Kalamu, kwa sababu ya penseli aliyoiweka sikioni hata kanisani. Alianza na mume wangu tangu basi likiwa moja na bovu. Walikuwa kama ndugu, ndiyo maana mimi aliniita shemeji na watoto wangu walimwita mjomba, ingawa ukifuata ukoo hayo mawili hayakai pamoja. Hatukufuata ukoo.

Ndipo jiji likatangaza mpango mpya. Kila njia itashindaniwa kwa zabuni, mshindi atapewa aiendeshe miaka mitano, na mabasi yote, ya nani na nani, yatapakwa kijani kimoja, nembo moja, namba kubwa mbele. Jina la mwenye gari litaandikwa kwa herufi ndogo karibu na mlango, kama jina la kiwanda chini ya sahani. Abiria atakuwa na kadi moja tu, atashuka hili na kupanda lile.

Wenye mabasi wengi walilalamika. Dakika alifurahi. Aliniletea karatasi za zabuni jikoni, rundo zito kuliko kitabu cha nyimbo, akanionyesha ukurasa.

"Ona, mama. Alama arobaini ni za kutunza muda. Arobaini. Sasa tutapimwa kwa kazi, si kwa honi."

"Na Kuku?" niliuliza.

"Kuku atapumzika."

"Baba yako alizilipia stika zile kwa jasho lake."

"Mama, abiria hapandi picha," alisema, lakini kwa upole, akanishika bega.

Kwa wiki tatu alijaza karatasi zile mezani kwangu, kwa kuwa kwake taa ilikuwa hafifu. Alikuwa na madaftari ya miaka sita, kila safari imeandikwa imeondoka saa ngapi na kufika saa ngapi. Kalamu ndiye aliyeyaandika, kwa penseli yake. Kampuni kubwa zilizoomba njia yetu hazikuwa na daftari la namna hiyo. Tulijua. Watu wa mabasi hawana siri, wanaambiana kwenye foleni ya mafuta. Njia ile ilikuwa inamngoja Dakika, na nilianza kuona kwa macho yangu mwanangu akiwa na mkataba ukutani.

Alinisomea pia masharti ya bahasha. Nilikuwa nachambua mchele. Nilisikia kwamba bahasha ya nje isiwe na jina la mzabuni, iwe na namba ya zabuni tu, ili anayepokea asijue ni ya nani na asipate la kuchezea. Ilikuwa imeandikwa "jina wala alama yoyote". Jina nililisikia. Alama, sijui kama sikuisikia au niliisikia nikaipitisha. Nimejiuliza mara nyingi na jibu langu hubadilika.

Siku ya mwisho ya kupeleka, Dakika alikuwa barabarani tangu alfajiri. Bahasha aliiacha mezani imefungwa kwa gundi, bahasha kubwa ya kaki, na Kalamu alikuwa aje kuichukua saa mbili. Nikabaki nayo peke yangu.

Mimi ni mtu wa hofu, watoto wangu wanajua. Mlango nikiufunga narudi kuutazama. Niliiangalia bahasha ile, nikaigeuza huku na huku. Namba tupu. Nikakumbuka hospitalini, mume wangu akiwa mgonjwa, tulivyokaa benchi tangu asubuhi hadi alasiri kwa sababu jalada la faili lake halikuandikwa kitu, na mwishowe likakutwa limewekewa kikombe cha chai juu. Niliwaza: kampuni kubwa zina watu wao mle ndani, bahasha zao zitajulikana tu. Ya mwanangu nani ataijua? Itaokotwa chini ya kikombe cha nani?

Jina sikuandika. Nilikuwa mwangalifu kwa hilo. Nilifungua kabati, nikatoa stika moja ya Kuku, nikaibandika pembeni chini, nikaipapasa kwa kidole hadi ikalala vizuri.

Na kama nitasema kweli yote, haikuwa hofu tupu. Nilitaka ndege wa mume wangu aingie kwenye jengo lile walau mara moja, kabla hawajampaka rangi ya kijani.

Kalamu alifika, akaichukua, akaigeuza.

"Shemeji, huyu kuku ana nauli?"

"Mwache apande," nilisema.

"Dakika amejua?"

"Nenda, utachelewa."

Sikusema ndiyo wala hapana. Akaweka penseli sawa sikioni, akaenda. Nilimwangalia mpaka akakata kona.

Zabuni zilifunguliwa siku hiyohiyo saa nne na nusu, mbele ya watu. Dakika alimwachia dereva mwingine gari akaenda, nami nikaenda naye, nimevaa viatu vya harusi. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja. Mwanamke mwenye miwani aliita namba, akainua bahasha moja moja wote waione, halafu akaifungua. Ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu akaiinua, akaigeuza, akasita.

"Hii ina alama," alisema.

Mtu wa kampuni kubwa, aliyekaa mbele, aliinuka nusu akachungulia. "Si Kuku huyo?" alisema. "Kuku amekuja kutaga huku?"

Ukumbi ulicheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, midomo yangu ilianza kucheka kabla moyo haujafika. Kisha nikamwona Dakika. Alikuwa amesimama.

"Naomba ifunguliwe," alisema. "Ndani kuna kila kitu."

"Dada, najua kazi yako, napanda basi lako," yule mwanamke alijibu, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Lakini nikifungua hii, kesho kila mtu ataleta na yake. Sharti la tisa. Imeenguliwa."

Akairudisha ikiwa imefungwa vilevile. Madaftari ya miaka sita hayakusomwa hata mstari mmoja.

Nyumbani Kalamu alikuwa anatungoja na soda tatu, kwa ajili ya furaha. Dakika aliweka bahasha mezani, kuku juu.

"Mjomba, nani kabandika hii?"

Kalamu alinitazama. Mara moja tu, wala si kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikageuka nikaanza kumimina chai kwenye vikombe, na hakuna aliyekuwa ameomba chai.

"Itakuwa ni mimi," Kalamu alisema. "Mkono umezoea, tangu enzi za baba yako nabandika, na moja ilibaki mfukoni."

"Itakuwa, au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikuomba upeleke tu, mjomba. Kupeleka tu."

"Nimekosa, mwanangu."

"Kesho usije," Dakika alisema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

Kalamu aliondoka akaziacha soda. Nilikuwa na nafasi ya kusema kabla hajafika mlangoni, na tena kabla hajafika getini, na tena usiku, na tena asubuhi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa, nikaona naweza kuficha.

Njia ilichukuliwa na ile kampuni kubwa. Dakika aliuza mabasi yote mawili kwa watu wa mji mwingine, kisha akaomba kazi kwao hao hao walioshinda, akapewa udereva. Siku ya kwanza ya mabasi ya kijani nilienda kituoni kumwona. Yalipita matano, mapya, yanang'aa, na mimi sikujua lipi ni lake. Zamani nilimjua tangu kule mbali. Lazima niseme haki: mabasi ni mazuri. Bibi mmoja karibu yangu aliniambia sasa anafika kliniki kwa kadi moja, zamani alikuwa akishuka na kulipa tena. Nilimwambia ndiyo, ni jambo jema. Na ni jambo jema.

Kalamu hakupata kazi. Makondakta walikuwa hawatakiwi tena, lakini kampuni ilitafuta wasimamizi wa vituo, watu wazima wanaojua abiria, wa kuwaelekeza kutumia kadi. Kazi hiyo ingemfaa Kalamu kuliko mtu yeyote mjini. Ila ilihitaji barua ya mwajiri wa zamani. Alimwomba Dakika, Dakika akasema hawezi kuandika kwamba mtu anafuata maagizo wakati hafuati. Mwanangu hasemi uongo kwenye karatasi.

Haya niliambiwa na mke wa Kalamu, aliyekuja mlangoni kwangu siku moja mchana na hakutaka kukaa.

"Mama Dakika, zungumza na mwanao. Barua tu. Mume wangu haniambii amekosa nini, kila nikimuuliza anasema yameisha."

Nikajua hakumwambia hata mkewe. Kwa wiki sita mtu yule alilala na kosa langu kitanda kimoja na mkewe, asimwambie.

Jumapili nilikwenda kwa Dakika. Alikuwa anapiga pasi shati lake la kijani, lile lenye nembo ya wote. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia yote, kabati, hospitali, "mwache apande", birika. Aliendelea kupiga pasi mkono wa shati, akaurudia uleule, akaurudia tena. Halafu akachomoa waya.

"Alikutazama," alisema. "Siku ile mezani. Nikadhani anaona aibu mbele yako."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamimina chai."

"Nilimimina."

Alichukua karatasi palepale, akaandika barua, tukaenda nayo kwa Kalamu. Kalamu alikuwa uani anatengeneza kiti. Dakika alipiga goti, kitu ambacho sijamwona akifanya tangu msiba wa baba yake, akasema, "Mjomba, nisamehe, nilikuhukumu." Kalamu alimwinua upesi, kama mtu anayeona haya. Akaisoma barua yote, polepole, akaikunja vizuri.

"Nzuri," alisema. "Nitaitunza. Dirisha la maombi walilifunga Ijumaa."

"Ijumaa ipi?" nilimuuliza.

"Juzi, shemeji."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akaingia ndani.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na nyumbani, Dakika alisimama.

"Mama, la stika ningekusamehe palepale mezani. Ningelia, ningekusamehe. Ulikuwa unaniogopea."

"Na la pili?"

"La pili, la ile chai, liache kwanza."

Hiyo ni miezi minane sasa. Dakika huja kila Jumapili, tunaosha vyombo, ananisimulia abiria wake na mimi namsimulia wadogo zake. Kalamu anauza vitabu vilivyotumika karibu na stendi, na wateja si wengi. Nikipita ananisalimu, "Shemeji, hujambo," nami nasimama, nanunua kitabu ambacho sitakisoma. Watu wa dukani nimeshawaambia ni mimi. Wengine wanadhani namtetea tu Kalamu.

La pili sijamuuliza tena. Kila Jumapili anapojifuta mikono na kuchukua mkoba wake, nasubiri kidogo, labda leo atalisema mwenyewe. Ananiaga vizuri, "Mama, baki salama," na anaondoka.