Dorothée na Kaburi la Mama Yake

Wanaume wa Misisi ni majasiri, sikatai. Wanashuka kwenye shimo lililofukia wenzao juzijuzi, tochi kichwani, wakiimba. Lakini mwanamke akikaribia mdomo wa shimo, wanatetemeka: eti dhahabu itakimbia. Ndiyo maana sisi tumeachiwa kutwanga mawe pembeni na kumeza vumbi.

Jirani yangu Dorothée ametwanga tangu usichana wake. Mama yake amezikwa juu ya kilima, kando ya makaburi ya wazee wa Kibembe. Siku Casimir, mwenye mashimo, alipopeleka vijana kuchimba palepale, Dorothée hakwenda kulia kwa chefu wa eneo. Alibeba mkeka na sufuria, akanivuta mkono, tukapanda. Akatandika kwenye mdomo wa shimo walilokwisha kuanza, akaketi, akanyoosha miguu.

Vijana walitupa sururu wakarudi nyuma.

"Mama Dorothée, toka hapo! Unatufukuzia mali!" Casimir alifoka.

"Njo nataka ikimbie. Ikimbie mpaka Swima, iogelee mu ziwa! Mama yangu iko analala hapa."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tulipika bugali, tukala mbele yao. Baada ya hapo hakuna kijana aliyekubali kuchimba pale, na Casimir alihamia kwingine akitulaani.

Habari ikafika mjini Baraka. Akaja Patrice wa shirika la utalii, kwa pikipiki, matope hadi magotini. Alimsifu Dorothée kwa kulinda urithi, kisha akatoa mpango wake: uzio, lango, wageni wenye kamera. Sisi wenyeji tungeingia kwa ruhusa, naye Dorothée angevaa nguo za zamani na kulia mbele ya wageni.

"Bageni bakuye, karibu," Dorothée akasema. "Lakini ruhusa ya kuona mama yangu? Mi niombe we?"

Patrice aliwasha pikipiki yake akaondoka. Yeye haogopi mikeka ya wanawake. Mwezi uliofuata alileta wageni wa kwanza, amevaa shati lililopigwa pasi. Dorothée alikuwa amesimama njiani na majembe.

"Kaburi iko na majani. Hapa tunapalilia kwanza, njo tunaongea."

Wageni wakapokea majembe, wakainama.

"Mama, hawa ni bageni!" Patrice alinong'ona.

"Njo maana nimebapatia ya muzuri. We shika hii ya kuvunjika."

Wageni walikuwa wakimtazama. Patrice akalishika, akalima. Tangu siku hiyo hakutaja tena lango wala ruhusa; uzio haujajengwa hadi leo, na anayetaka kupanda kile kilima anapita kwanza kwa Dorothée, Patrice naye akiwemo.